Mkwe Asiyekimbiwa

Mwezi ule mama yangu alipokuja kwangu mjini, mtaa wa Kitaji, kutibiwa jicho, nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: amkimbie mume wangu.

Najua kuna msomaji ameshaanza kunionea huruma. Aache kwanza. Kwetu huku Mara, mama mkwe mwenye heshima zake hakai chumba kimoja na mume wa binti yake. Hampi mkono, hali naye, na wakikutana njiani mmoja wao anaingia vichakani hata kama vina upupu. Mkwe naye akimwona anageuza uso. Kadiri wanavyokimbiana ndivyo wanavyoheshimiana. Vijana wa siku hizi wanaicheka desturi hii, wanapiga picha wamewakumbatia mama wakwe zao na kuziweka mtandaoni. Sawa, ni mambo ya kisasa. Lakini hata wao, wakimwona mama wa watu amemkazia mkwe macho makavu bila kuondoka, wanajua ndani ya nyumba hiyo kuna jambo.

Mama yangu alikuwa anayakaza. Mume wangu akiingia sebuleni, mama habanduki kwenye kochi. Ananyoosha mkono na kusema, "Hujambo kijana," kama anavyomsalimia muuza dagaa. Mume wangu amelelewa na watu wa vijiji vya ziwani wanaojua adabu, kwa hiyo anageuka akimbie yeye. Hapo mama anamfuata kwa sauti: anakimbia nini, akae anywe chai, kwani yeye mama ni nani wake? Swali hilo ndilo lililokuwa linamchoma mume wangu. Hakimbiwi kwa sababu si mkwe. Ni kijana tu aliyekutwa anaishi nyumba moja na binti wa watu, na kwa bahati mbaya wamezaa.

Kosa tulilifanya, sikatai. Miaka saba iliyopita nilitoroshwa. Neno lenyewe linanipendelea, maana mtu akisikia nimetoroshwa anadhani nilibebwa nikipiga kelele. Ukweli ni kwamba nilifunga begi mwenyewe, nikatembea mwenyewe hadi barabarani alfajiri, nikapanda bodaboda ambayo mume wangu alikuja nayo, tukaondoka kijijini kwetu nje ya Bunda katika wiki ya kuvuna pamba. Baadaye ng'ombe walipelekwa kwa baba zangu wadogo pamoja na wale wa faini, wakapokelewa, wakasifiwa pembe, wanaume wakala nyama wakafuta midomo. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema, na jambo likaisha. Kwa mama hakwenda mtu. Baba alishafariki, na vikao vya ng'ombe kwetu havina kiti cha mjane.

Sasa mama alikuwa amekuja. Mtoto wa jicho ameondolewa, daktari amesema akae mwezi mzima mbali na moshi wa kuni, na kwangu napikia gesi. Kwa hiyo kwa mwezi mzima nyumba ya vyumba viwili na sebule ilikuwa na mwanaume mmoja anayetaka kukimbia na mwanamke mmoja anayemkatalia. Siku ya tatu, bila kupewa jembe, mama alishapanga upya masufuria yangu yote. Mume wangu alikuwa anakula amesimama kwenye veranda ya nyuma kama mlinzi.

Ndipo nilipopata akili ya sinema. Nafanya kazi masjala katika ofisi moja Butiama, kazi ya kutafuta mafaili ambayo mtu mwingine ameshayapoteza. Mwenzangu wa masjala ni dada mmoja aliyekataa wachumba watatu, nadhani kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuja na farasi. Ana flashi imejaa sinema za mapenzi ya kifalme, na nilipomwambia habari za mama yangu, alinipa flashi yote kwa huruma ya mtu anayetoa dawa.

Sinema hizi, kwa asiyezijua, ni za watu wa kweli. Yupo mtoto wa mfalme wa kweli huko Ulaya, amemwoa binti wa kawaida wa kweli, na kabla keki ya harusi haijaisha kuliwa watu wa sinema wameshatafuta waigizaji wawili wanaofanana nao nywele. Nywele tu. Mengine tunaambiwa tuvumilie. Binti anaitwa maskini, na umaskini wake una friji refu kuliko mume wangu. Mtoto wa mfalme anakutana naye kwa kumwagiana kahawa, na sijui huko kahawa inauzwaje, maana hakuna anayeimaliza kabla ya kummwagia mwenzake. Halafu theluji inaanguka. Halafu malkia anakataa. Halafu malkia anakunywa chai dirishani, anakumbuka ujana wake, anakubali. Saa moja na nusu, utawala wa miaka elfu umelainishwa na kikombe cha chai.

Zetu zilikuwa zimetafsiriwa na dijei mmoja ambaye sauti yake ndiyo unayoisikia mwanzo hadi mwisho, malkia ni yeye, binti ni yeye, farasi ni yeye. Kasri anaiita ikulu. Wapendanao wakikaribia kubusiana kwa mara ya kwanza anawakatisha, anatangaza namba yake ya simu kwa wanaotaka kazi zake nyingine, kisha anawaruhusu waendelee.

Nilimwuliza yule dada kwa nini hakuna anayetengeneza sinema kama hizo kuhusu machifu wetu wa zamani, maana Butiama nako tulikuwa na watawala. Akasema dijei angechoka bure. Kabla hajamaliza kutambulisha wake wote wa chifu, umeme ungekuwa umeshakatika.

Mpango wangu ulikuwa wa kisomi kabisa. Mama ataona malkia mmoja analainika, ataona wa pili, na akifika kwa wa tatu atajiuliza yeye ni nani wa kukaza roho kuliko mwenye taji. Kila nikirudi kutoka kazini jioni nilimwekea kipande. Binti yetu wa darasa la kwanza alikaa naye kochini, mama amevaa miwani myeusi ya hospitali, ameisogelea televisheni kama anayetaka kuinusa. Mume wangu akirudi mapema alisimama nje dirishani, akijifanya anakagua grili ambayo aliichomelea mwenyewe.

Tatizo la kwanza ni kwamba mama alichukua upande wa malkia. Malkia alipokataa kwa mara ya kwanza, mama alikaa vizuri. Akasema huyo mama ana akili, ameulizwa na ametoa jibu lake, sasa wanamsumbua nini? Wale wapenzi walipolia kwenye theluji aliniuliza kwa nini hawaingii ndani kama wanaona baridi. Malkia alipokunywa chai na kukubali, mimi nikamtazama mama kwa matumaini makubwa. Mama akasema wamemchosha tu, mzee wa watu.

Tatizo la pili lilikuwa picha za mwisho. Sinema hizi zikiisha huonyesha picha za wale watu wenyewe, siku ya harusi ya kweli, ili usije ukadhani umedanganywa. Mama alinyanyuka na kwenda hadi kwenye kioo, akaweka kidole kwenye uso wa malkia wa kweli, ambaye alikuwa amesimama pembeni na kofia yake, amebana midomo.

"Huyu hajakubali," akasema. "Hiyo ya chai walitunga. Hapa ndio kweli."

Nikamwambia huenda jua lilikuwa linampiga. Akaniambia yeye ana jicho jipya la wiki mbili, nisimfundishe kuona.

Ya pili niliichagua kwa makini zaidi. Humo mwenye ufalme alikuwa binti, na kijana ndiye mtu wa kawaida, hana cheo, hana shamba, ana misuli na moyo safi. Nilidhani mfano utajieleza wenyewe. Mama aliitazama yote bila neno, na nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Ilipoisha alisema yule kijana amejitahidi. Hata yeye, pamoja na ukawaida wake, alikuja na watu wake wamevaa suti, wakakaa chini, wakasema wametokea wapi na wanataka nini. "Wako alipitaga tu na pikipiki," akasema, "kama mwizi wa mbuzi." Hakupunguza sauti, na dirisha lilikuwa wazi.

Mume wangu naye alikuwa anajifunza, ila mafunzo yake hayakupitia kwangu. Kule dirishani alikuwa ameona kwamba malkia wote wana viti. Si makochi, viti, vyenye migongo mirefu na nakshi. Akahitimisha, kwa akili ya fundi wa kuchomelea, kwamba kinachokosekana nyumbani kwetu si radhi bali samani. Kwa wiki nzima alichelewa kurudi kutoka kwenye kibanda chake. Jumamosi asubuhi akaja na toroli, na juu ya toroli kuna kiti ambacho sijawahi kuona mfano wake wala sijaombea kuuona tena. Alikuwa amekitengeneza kwa mabaki ya mageti. Mgongoni kilikuwa na maua yale yale ya chuma anayoweka kwenye mageti ya wenye pesa, na juu kabisa safu ya mikuki midogo ya kuzuia wezi. Kimepakwa rangi ya dhahabu. Majirani walitoka kutazama, na mmoja akauliza kama tunafungua saluni.

Hapa ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwingine asingeweza hata kulifikiria. Zawadi ya mkwe haipelekwi na mkwe. Inapitia kwa mtu, tena mtu mzima, na mwenyewe anakaa mbali. Lakini mume wangu kule dirishani alikuwa ameona watoto wa wafalme wanaingia moja kwa moja wanapiga goti. Akakibeba kile kiti mwenyewe hadi sebuleni, akakiweka mbele ya mama, akapiga goti kwenye zulia, ameinamisha kichwa, na mikono yake ina rangi ya dhahabu hadi viwikoni.

Mama alikizunguka. Akagusa mkuki mmoja kwa ncha ya kidole. Nilimwomba Mungu amkimbie hata kwa kukiogopa kile kiti.

"Ni kazi nzuri, fundi," akasema. "Mageti kama haya mnauzaga bei gani?"

Mume wangu alinyanyuka, akasema si cha kuuza, akatoka. Kiti tukakihamishia nje kwenye bomba la maji. Nilimkuta kibandani kwake mchana, hajawasha mashine, amekaa juu ya rundo la nondo. Nilikuwa nimejiandaa kumtania kwa sababu ndiyo njia yangu ya kumbembeleza mtu, lakini uso wake ulinikatisha.

"Mimi nimechoka kuitwa kijana," akasema. "Siku nikifa, mama yako atakuja msibani kama nani? Atakaa wapi? Pamoja na majirani?"

Kwetu msibani kila mtu anajua pa kukaa, na anayekosa pa kukaa, kila mmoja anamwona. Akaniambia hana ugomvi, mama ni mgeni wake na atamlisha hadi siku ya mwisho, lakini mwezi ukiisha na mama akirudi Bunda hivi hivi, yeye hatakanyaga tena kule. Hatakwenda kuzika, hatakwenda kuvuna. Mtoto wetu atakuwa na bibi na baba wasiofahamiana. Alisema kwa utaratibu kabisa, na nikajua amelifikiria siku nyingi. Zilibaki siku nane mama aende kliniki ya mwisho.

Basi nikarudi kwenye flashi kama mgonjwa anayerudia dozi iliyoshindwa. Ya tatu niliiweka bila imani. Ilikuwa ni ile ile, kahawa, theluji, ikulu. Malkia alikataa kwa wakati wake. Katikati, baina ya dansi mbili, kilipita kipande kifupi sana: mama mzazi wa yule binti wa kawaida yupo jikoni kwake anamenya viazi, redio inaongea, na redio ndiyo inayomwambia kwamba binti yake amechumbiwa na mtoto wa mfalme. Anaacha kumenya. Dijei hakuwa na muda naye. Alisema, "Mama mzazi naye kapata taarifa, twende kazi," na tukarudi kwenye dansi.

Mama akasema nirudishe nyuma.

Nikarudisha. Yule mwanamke akaacha kumenya kiazi. Mama akaniambia nirudishe tena, kisha nisimamishe pale pale. Akavua miwani. Binti yangu alikuwa amelala kochini, na nje hakukuwa na mtu dirishani, mume wangu alishaacha kuja.

"Huyu hakuna aliyemwuliza," mama akasema. "Malkia wamemwuliza sinema nzima. Mpaka waziri alikuwa na neno lake. Huyu aliyembeba tumboni anaambiwa na redio."

Nilitaka kusema jambo la kuchekesha. Nilikuwa nalo tayari mdomoni, nimeishi nayo hiyo tabia tangu utoto. Mama hakunipa nafasi. Aliendelea kwa sauti ya kawaida, huku anaitazama televisheni iliyosimama.

"Mimi hata redio sikuwa nayo. Nilikuita uje unywe uji tuingie shambani. Nikakuita tena. Nikasema huyu ameenda kisimani. Nikaenda. Ndoo haikuwepo pale, na wewe hukuwepo. Nikainama nikaangalia ndani ya kisima."

Akaifuta miwani kwa ncha ya khanga.

"Niliangaliaga siku mbili, mwanangu. Nikitoka naangalia, nikirudi naangalia."

Mimi simu yangu niliizima siku tatu, wiki ile. Niliizima kwa sababu nilikuwa na furaha. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine, nimeitafuta. Kwa miaka saba nilikuwa nawasimulia watu ukaidi wa mama yangu, nikiiga hadi anavyonyoosha mkono, watu wa masjala wakacheka wakashika mbavu. Hakuna hata siku moja niliyojiuliza asubuhi ile ilikuwaje upande wake. Nilijua kwamba aligundua. Sikujua kwamba alikwenda kuinama kwenye kisima. Niliona aibu hadi masikio yakaziba.

Nikashuka kwenye kochi nikakaa chini miguuni pake, nikamwambia nimekosa. Sikupamba. Nikamwambia naomba anisamehe kwa kisima, na kwa uji, na kwa pamba aliyoivuna peke yake. Alinishika kichwa kidogo kama anayepima kama nina homa, akaniambia niiendeleze sinema yangu, atazame huyo mama kama watarudi kwake. Hawakurudi. Hata kwenye picha za harusi za kweli tulimtafuta, mama na jicho lake jipya na mimi, tukamwona upande mmoja tu wa kofia.

Asubuhi, kabla sijaenda Butiama, nilipita kibandani na kumwambia mume wangu kwamba mama hataki kiti. Anataka kuulizwa. Aliniangalia kama mtu aliyechomelea geti zima halafu anaambiwa mlango uko upande wa pili. Akazima mashine na kumpigia mama yake simu kule ziwani.

Kuuliza kukawa kazi, maana mtu unamwombaje binti ambaye ameshakaa kwako miaka saba? Mama yake mume wangu mwenyewe alisema ni kichekesho, lakini atakuja, kwa sababu naye ana mabinti. Akaongozana na mjomba wa mume wangu, mchimbaji mstaafu wa Buhemba ambaye katika miaka ishirini ya dhahabu hakuwahi kuiona, ila alipata sauti kubwa ya kuongelea mashimoni, na kwa ushenga sauti ni mtaji. Isingefaa waulizie Kitaji. Nyumba ya Kitaji ni ya mume wangu, huwezi kuomba kitu ukiwa umekikalia. Mama akamaliza kliniki, nikamsindikiza Bunda mimi na mtoto, na Jumapili yake wageni wakaja kwake.

Mimi nikawekwa jikoni. Mwanamke mzima, mwajiriwa wa serikali, nimefichwa nyuma ya mlango wa mabati pamoja na uzao wangu, nasubiri kuombwa. Binti yangu aliniuliza wale wageni wanamwomba nani. Nikamwambia wananiomba mimi. Akataka kujua kama wakikataliwa na yeye atabaki hapa kutumwa dukani na bibi kila siku. Nikamwambia anyamaze.

Mume wangu hakuingia. Aliachwa barabarani, kwenye duka, hadi atakapoitwa.

Mjomba alianza mbali, kama wanavyoanza. Alisema wametembea sana, wamechoka, wameona nyumba hii ina ndama mzuri, wao wana zizi lakini ndama hawana. Ilikuwa hotuba nzuri, tatizo lake ni kwamba ndama mwenyewe alikuwa na kitambulisho cha kazi na miaka thelathini na miwili. Mama alimsikiliza hadi akatua, kisha akamwuliza wanaomba nini, aseme kwa jina lake. Mjomba akasema wanaomba binti. Mama akauliza huyo binti yuko wapi. Mjomba, ambaye hakuwahi kukosa neno hata shimo likiporomoka, akakohoa na kusema wanaamini yuko jikoni.

Ikabidi mama yake mume wangu aingilie. Akasogeza kiti chake, akaacha habari za ndama. Akasema wao walikosea. Kijana wao alipita na mtoto wa watu alfajiri, na wao wakubwa walipoona wanaume wamemalizana wakakaa kimya kwa sababu kimya kilikuwa rahisi. Hawakuja kwa mwenye uchungu. Sasa wamekuja, wamechelewa miaka saba, na akitaka kuwafukuza wataondoka bila kununa.

Nilimwona kupitia tundu la msumari, amekaa wima kwenye stuli yake, mikono mapajani, na nakuambia sijaona malkia wa sinema wala wa picha za kweli aliyekaa vile. Akawaambia hata kule Ulaya wenye majeshi na ndege huwa wanaulizaga kwanza, ameona kwa macho yake. Mjomba akaitikia kwamba ni kweli, ingawa nina hakika hakujua anaitikia nini.

Kisha akaniita. Nikatoka na khanga kichwani, nikapiga magoti. Akaniuliza kama watu hawa nawajua. Ni swali la kawaida, kila binti anaulizwa, na mimi kwenye harusi za wengine nilikuwa nalicheka, kwa sababu jibu linajulikana. Siku ile sikulicheka. Nikasema nawajua, mama. Akaniuliza mara ya pili, kama wageni hawa wapewe maji ya kunywa au waondoke na kiu yao. Nikasema wapewe maji. Nilikuwa nalia na wala sikujificha.

"Haya," mama akasema. "Mwiteni aliyebaki barabarani."

Mjomba alipiga simu, ingawa kwa sauti ile simu haikuhitajika. Tukakaa tunatazama njia inayopita katikati ya pamba. Mume wangu akatokea, shati jeupe limefungwa hadi shingoni, anatembea taratibu kama anayekwenda kusomewa hukumu. Alipofika mwanzo wa uwanja mama akasimama. Nikafikiri sasa atanyoosha mkono. Mume wangu naye alifikiri hivyo, kwa sababu nilimwona anaufuta wa kwake kwenye suruali, akijiandaa kuitwa kijana mbele ya mama yake mzazi.

Mama akavuta khanga yake hadi usoni na akakimbia.

Alikimbia kweli. Ana miaka sitini na kitu na goti bovu, lakini alikatiza uwanja ameinama, akawatawanya kuku, ndala moja ikabaki njiani, akazunguka nyumba na kuingia stoo ya pamba. Tukasikia mlango unabamizwa. Mama wa ziwani akapiga kigelegele kimoja kirefu.

Mume wangu alikuwa amesimama pale pale, mkono wake bado uko kwenye suruali. Nikaona anaelewa. Akageuka, akatupa mgongo sisi sote na ile nyumba, akatazama barabara kama inavyompasa, na mabega yakaanza kumtikisika. Mama yake akamwambia ageuke basi, mkwewe ameshaingia ndani. Hakugeuka.

Halafu sauti ya mama ikatoka kupitia mabati ya stoo, imekatika pumzi, na haikuelekezwa kwake, kwa sababu sasa haruhusiwi kumsemesha. Ilielekezwa kwangu.

"Mwambie mkwe wangu asiondoke hajala."

Nikatembea hatua sita hadi aliposimama, nikasimama nyuma yake, nikamwambia, ingawa alikuwa ameshasikia.